Mboga za Kiangazi na Kisima cha Dada

Jumatano, 4 Juni

Samadi tena. Siku ya tatu nachekecha samadi ya zizini kwa wavu wa kitanda kibovu. Vumbi puani, vumbi kwenye chai. Dada anataka iwe laini kama unga wa ugali, tena iwe ya mwaka juzi, siyo ya mwaka huu. Jana nilimpelekea toroli zima la mbichi, nikidhani nimefanya la maana. Akachomeka mkono ndani, akautoa, akasema, "Hii ina moto. Itaipika miche. Irudishe." Nikairudisha.

Naandika kwa mazoea tu. Miaka tisa kwenye mashimo ya dhahabu, sisi tunayaita maduara, nilikuwa nashuka kama wengine, tena mshika daftari la zamu. Nani kashuka, nani kapanda, mifuko mingapi ya mawe imetoka. Sasa hakuna anayeshuka. Daftari limebaki.

Niweke wazi, hata kama najiandikia mwenyewe. Nimekuja Samuye kwa dada yangu, Mama Kulwa, baada ya machimbo ya kule Katoro kunitosha. Amenipa kipande cha bustani kando ya mto, kimeungana na chake. Msimu mmoja wa mboga, kiangazi kizima, hadi mvua. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, narudi duarani, maana kazi nyingine sijui. Kamba yangu ya kushukia iko begini, chini ya kitanda. Mita ishirini, haijakatika hata uzi.

Jumamosi, 7 Juni

Kitalu kimekamilika. Nilidhani kitalu ni kumwaga mbegu na kumwagilia. Dada alianza kwa kuchoma mabua ya mahindi juu ya udongo ili wadudu na magugu yafe kabla hatujaweka chochote. Akasubiri upoe. Akapima mistari kwa kidole, kina cha pingili moja, mbegu za nyanya upande huu, chainizi na kabichi upande ule. Juu kajenga kichanja cha nyasi, kimeinama upande wa mashariki unakotoka upepo.

Asubuhi ni baridi kweli. Watu wa pwani hawaamini kwamba Shinyanga kuna baridi. Waje Juni, saa kumi na mbili alfajiri, wasimame hapa mtoni na shati moja. Jioni dada anafunika kitalu kwa viroba alivyovifumua na kuvishona kuwa shuka kubwa. Asubuhi anavifunua, anavikung'uta, anavikunja. Kila siku. Ana miaka hamsini na sita. Shemeji amekwenda mbali na ng'ombe kufuata malisho, hatarudi kabla ya mvua. Mapacha wake, Kulwa na Doto, wameshaolewa, mmoja yuko Mhunze. Kazi yote hii amekuwa akiifanya peke yake, na mimi nilikuwa namwona wa kawaida.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa tumechimba kisima.

Mto huu kwa sasa ni mchanga mtupu. Mbuzi wanapita katikati. Lakini maji yapo chini, na kila mwaka lazima yatafutwe upya, kwa sababu mafuriko ya masika yanafukia kila kitu. Dada alikwenda alfajiri bila viatu. Anatembea taratibu juu ya mchanga, anasimama, anarudi nyuma. Anatafuta pale ambapo baridi ya mchanga ni ya tofauti. Akachomeka kijiti. "Hapa." Nilipokanyaga mimi, sikusikia tofauti yoyote.

Alishuka mwenyewe na jembe la mpini mfupi. Mimi na jirani yetu Mama Holo, anayelima upande wa pili na kuchangia kisima hiki, tulivuta ndoo za mchanga juu. Kadiri alivyoshuka, alisuka matawi kuzunguka ukuta, kama mtu anayesuka kapu akiwa ndani yake. Kimo cha watu wawili na nusu, na maji yakaanza kutoka kama jasho.

Mama Holo aliniuliza kwa nini mchimbaji mzima anaachia dada yake ashuke. Nikasema mgongo. Uongo. Dada alisikia kule chini, akaendelea kusuka.

Sheria ya kisima: ndoo kumi na mbili, halafu kinapumzika hadi kijae. Sheria ya pili: kumwagilia ni asubuhi. Ukimwagilia jioni mmea unalala na maji, baridi inauletea ukungu. Nimeziandika kama nilivyokuwa naandika masharti ya zamu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimerudi kutoka Katoro. Nilifuata pampu yangu ya petroli niliyoiacha kwa rafiki. Katoro haijabadilika. Bodaboda, muziki, watu wanaongea kwa sauti kama wanagombana. Msimamizi wetu wa zamani alinikuta sokoni, akanishika bega. "Mabula, unachuma mchicha siku hizi?" Wakacheka wote. Nikacheka nao. Nilichukia.

Nimeleta pampu, mpira wa kufyonza na mpira wa kutolea, pamoja na gunia la chupa tupu za maji ambazo dada aliniagiza. Niliokota chupa kwenye vibanda huku najifunika kofia. Dada aliitazama pampu, akasema ni nzuri. Kisha akalifungua gunia la chupa na uso ukamchangamka. Alizitoa moja moja, akizigonga kwa ukucha.

Nilikasirika kidogo. Pampu ile ilikausha duara la mita arobaini.

Jumanne, 8 Julai

Tumehamisha miche. Mia tatu na kitu.

Matuta yake siyo matuta. Ni vitanda vilivyozama, chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja, ili upepo upite juu na maji yasikimbie. Ndani kuna samadi niliyochekecha, na sasa nimeelewa kwa nini ilibidi iwe laini. Juu ya udongo tumetandaza maganda ya mpunga. Kila mche wa nyanya una chupa yake: kitako kimekatwa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto, imechomekwa kichwa chini karibu na mzizi. Unajaza chupa, maji yanatoka tone kwa tone kule kule mzizi unakokunywa. Hakuna linalopotea.

Kuna watu mjini wana mipira ya matone iliyonunuliwa dukani. Dada ana chupa za Katoro na msumari. Nimekaa kuangalia chupa mia mbili zikiwaka jua la asubuhi, nikaona haya kwa hasira yangu ya siku ile.

Ijumaa, 11 Julai

Siku yangu. Dada amekwenda Mhunze kumwona Kulwa, mtoto anaumwa. Aliniambia nichote kwa ndoo kama kawaida.

Nimewasha pampu. Dakika ishirini. Chupa zote, vitanda vyote, vyangu na vyake, na sehemu ya Mama Holo nikamwagilia bure. Kazi ya asubuhi nzima imekwisha kabla chai haijapoa. Maji yalipopungua nilishusha mpira zaidi. Yalipobaki kidogo nikaongeza moto. Nilisikia ule mkoromo wa mwisho ninaoupenda, mpira ukinyonya hewa, maana yake chini ni pakavu. Nikazima. Nilijisikia mtu.

Mama Holo alisimama ukingoni mikono kiunoni. Akasema, "Kisima hakimalizwi hivyo." Nikamwambia kitajaa tu.

Jumamosi, 12 Julai

Kisima hakipo.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani.

Niandike ilivyokuwa. Jana alfajiri nilikuta shimo pana kama zizi la ndama, limejaa mchanga laini na matawi yaliyovunjika yakitokeza. Usiku kucha maji ya pembeni yalikimbilia kwenye ule utupu nilioufanya, yakaja na mchanga. Kuta zote zimeingia ndani.

Duarani maji ni adui. Unayatoa yote, hadi tone la mwisho, ndipo kazi inaanza. Miaka tisa mkono wangu umejifunza hilo. Sikufikiria hata mara moja kwamba hapa maji ndiyo kazi yenyewe, na kwamba kilichobaki chini ndicho kilichokuwa kinashikilia ukuta.

Dada amerudi saa nane. Alitazama muda mrefu. Mama Holo alikuwa na mengi ya kusema, na alikuwa na haki. Alisema tupeleke habari kwa wazee wa nzengo, yaani wa mtaa wetu, wanipige faini, kwa sababu maji ya watu hayachezewi. Dada akamjibu kwa upole, "Kisima nilichimba mimi, Mama Holo. Aliyekiharibu ni mdogo wangu. Nidai mimi." Yule mama akaokota ndoo yake, akaenda. Dada angenitukana ningeona nafuu.

Jumatatu, 14 Julai

Miche imeanza kulegea saa sita mchana.

Dada amebeba maji kutoka pampu ya mkono ya shuleni. Kwenda nusu saa, kurudi zaidi ya nusu saa. Kila mche kikombe kimoja cha chai, kwenye chupa, siyo juu. Mimi nabeba madumu mawili kwa baiskeli, safari tano. Foleni ndefu, na foleni ni ya maji ya kunywa. Akina mama wananitazama nikijaza madumu ya bustani. Hayatoshi hata nusu.

Alasiri tulijaribu kuchimba tena. Dada alishuka. Mchanga umelegea wote, hausimami. Mara ya kwanza ukaporomoka kabla hajasuka matawi. Mara ya pili ukamshika hadi kiunoni. Alitulia, akanitazama, akasema, "Nivute polepole." Nilimvuta. Kiatu kimoja kimebaki chini.

Mimi nimekaa kuandika. Yeye amekwenda kupika.

Jumanne, 15 Julai

Kabichi zimeinama. Nyanya za pembeni, zile za upande wa upepo, majani yamejikunja. Dada ametembea mtoni alfajiri hadi jua likawaka, akitafuta mahali pengine. Hakuna karibu. Maji ya juujuu yako pale pale nilipoharibu, na mengine ni mwendo mrefu juu ya mto.

Akakaa kwenye kivuli cha uzio wa miiba, akaanza kuhesabu kwa sauti ipi tuiache ife na ipi tuinyweshe. Alianza na yake. Alitaka kuiacha yake ili yangu ipone. Nilisimama nikaondoka, sikuweza kumsikiliza.

Jumatano, 16 Julai

Najua la kufanya tangu Jumamosi. Nimelikwepa siku nne.

Mchanga unaolegea hautaki matawi. Unataka matimba. Duarani ndivyo tunavyozuia kuta: magogo manne yanayobanana kwa pembe, fremu ya mraba, unaweka moja, unachimba chini yake, unaweka nyingine. Matimba yakikaa vizuri, mlima unaweza kukaa juu yake. Lakini lazima awepo mtu chini wa kuyapanga, na hapa mtu huyo ni mimi tu.

Mwaka jana nilifukiwa. Saa tano asubuhi hadi jua linazama, hadi kifuani, mkono mmoja juu. Mwenzangu aliyekuwa chini yangu hakutoka. Kamba ile begini ndiyo iliyonitoa. Baada ya wiki mbili nikajaribu kushuka tena, miguu ikagoma ukingoni, mbele ya zamu nzima. Ndiyo sababu niko Samuye. Nimewaambia watu nimechoka tu.

Jioni nimemwambia dada yote. Alikuwa anachambua mgagani. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua ulipokataa kushuka siku ile. Mgongo wako hauna kitu, unabeba gunia la samadi." Kisha akauliza magogo yanahitajika mangapi. Nikasema fremu saba, vipande ishirini na nane. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Ana magogo ya mkaratusi aliyoyanunua kwa ajili ya paa la ghala jipya, ameyasubiri miaka miwili. Akaniletea msumeno.

Mimi sijui moyo wa namna hii mtu anaupata wapi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshuka.

Niandike kwa utaratibu. Tulianza jua linachomoza. Kamba kiunoni, ncha ya juu imefungwa kwenye shina la mgunga, dada ameketi ukingoni ameshika katikati. Mama Holo alikuja bila kuitwa, akavua kandambili, akashika ndoo.

Fremu ya kwanza iko karibu na usawa wa mchanga, hiyo haikunisumbua. Duarani ukiweka fremu unapiga kelele ili wa juu ajue. Mdomo ukafanya wenyewe: "Moja imekaa." Dada akajibu kutoka juu, "Moja imekaa." Hakuna aliyemfundisha.

Mbili imekaa. Tatu imekaa. Kati ya tatu na nne mwanga ukapungua na nikasikia mchanga ukitiririka nyuma ya magogo, sauti ndogo, sauti ile ile. Pumzi ikakatika. Nikashindwa kuinua jembe. Sijui nilikaa vile muda gani. Kisha kamba ikavutwa kidogo, mara moja, siyo kunipandisha. Mvuto mdogo tu kiunoni. Nikatulia. Baada ya muda ikavutwa tena. Alikuwa ananiambia yupo. Akaendelea hivyo hadi mwisho, kila baada ya pumzi chache, na katikati alikuwa ananihesabia mboga zake kama anaongea na mtu jikoni. Chainizi zimekubali. Bamia bado wavivu. Figiri ile ya pembeni tutakula wiki ya pili. Nilichimba nikimsikiliza.

Nne. Tano. Sita.

Ya saba niliiweka nikiwa nimesimama kwenye maji ya vifundoni, baridi hadi mifupani. Nikapiga kelele. Juu akajibu, lakini sauti ilikuwa imebadilika, na Mama Holo ndiye aliyemalizia, "Imekaa."

Nilipopanda niliona viganja vya dada. Kamba imemchuna ngozi yote. Alikuwa hajailegeza tangu asubuhi.

Ijumaa, 18 Julai

Maji kiunoni. Meupe.

Ndoo kumi na mbili. Tukasubiri. Ndoo kumi na mbili tena. Mikono ya dada imefungwa vitambaa, kwa hiyo nimechota mimi. Miche arobaini na moja imekufa. Iliyobaki imenyanyuka jioni.

Jumapili, 3 Agosti

Baridi inaondoka, upepo umebaki. Maganda ya mpunga yanapeperuka, nayarudisha kila asubuhi. Nyanya zina maua.

Pampu imesamehewa. Ni wazo la dada, mimi nilishaifunga kwenye kiroba nisiione. Alichomeka mti mrefu ndani ya kisima, akafunga kipande cha kanga yake kuukuu katikati. Maji yakishuka hadi kwenye kitambaa, nazima. Nasubiri yapande. Nawasha tena, kwa moto mdogo. Asubuhi moja mizunguko mitatu. Hakuna anayebeba ndoo. Injini iliyokausha mita arobaini sasa inapokea amri kutoka kwa kitambaa chenye maua ya njano.

Jumatano, 20 Agosti

Chainizi za kwanza. Majani mapana, yanavunjika kwa sauti. Kapu la kwanza dada amempelekea Mama Holo, la pili kanisani, la tatu ndilo letu. Nimekula ugali na chainizi nikiwa nimeketi chini ukutani. Miaka tisa nimekula mboga zilizonyauka kambini, nikidhani ndiyo ladha yake.

Majani ya kunde yaliyozidi dada anayachemsha na kuyaanika juani, nsansa za kula mwezi ambao kila kitu kimekauka. Hata ziada yake ina mpango.

Jumamosi, 20 Septemba

Vumbi kila mahali, nyasi hakuna, ng'ombe wa watu mbavu nje. Katikati ya yote hayo, mraba wa kijani. Watu wanaopita njiani wanasimama. Nyanya zimeiva hadi zinaelemea miti. Kuna mama alishika nyanya akauliza tumetoa wapi wakati huu wa mwaka. Dada akamwonyesha mimi. "Muulize huyu, ndiye mwenye kisima."

Mwenye kisima. Nilimsahihisha. Hakusikia, au alijifanya.

Mama Holo ameniomba nimfungie matimba kisima chake mwenyewe mwakani. Nimemwambia tutaona. Mwakani ni mbali.

Jumapili, 26 Oktoba

Msimamizi amepiga simu kutoka Katoro. Duara jipya, linatema, yaani linatoa dhahabu, anataka mtu wa matimba anayeaminika. Amesikia nimeshuka tena. Sijui nani kamwambia. Nimwambie ndiyo au hapana ndani ya siku kumi.

Sina sababu ya kwenda. Bustani imekubali, dada hajanichoka. Lakini nilipomsikia anasema "linatema", moyo ulidunda, na nauchukia kwa hilo. Miguu yangu haigomi tena. Hiyo ndiyo shida. Kisima cha dada kimeniponya, na sasa naweza kurudi.

Niliongea na simu nikiwa uani. Dada alikuwa ndani, dirisha wazi. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 1 Novemba

Asubuhi dada alisimama mlangoni akitazama mashariki, akanusa, akasema matimba yatoke leo. Nilicheka. Mbingu safi, hakuna wingu hata la kufuta kamasi. Akarudia, yatoke leo.

Tumeyatoa kuanzia ya saba hadi ya kwanza, kwa kamba yangu. Ilikuwa kazi ya siku nzima, yameshikwa na mchanga. Mwisho kisima kikajifunga chenyewe taratibu, kikabaki shimo dogo, halafu hata shimo hakuna. Nilisimama pale kidogo. Niliona huzuni, niliandike hilo.

Nimekunja kamba nikairudisha begini. Msimamizi nimeshamjibu ndiyo. Nitamwambia dada Ijumaa. Nitakwenda miezi michache tu.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua imepiga milima ya juu, hapa matone tu. Saa kumi jioni tulisikia mto kabla hatujauona. Maji mekundu, magogo, povu, ukingo hadi ukingo. Yamepita juu ya pale tulipokuwa tunasimama kila asubuhi. Siku nne tu baada ya dada kunusa upepo.

Shemeji atakuwa njiani anarudi na ng'ombe. Dada amepika mgagani kwa karanga.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamka mapema kupanga begi. Mashati mawili, tochi, daftari hili. Kamba haimo.

Nimetafuta chini ya kitanda, jikoni, kwenye kichanja cha vyombo. Dada alikuwa anafagia uwanja, hakuinua kichwa. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Matimba yako chini ya upenu, yameegemezwa ukutani mahali pakavu. Yameoshwa mchanga wote. Kila fremu, magogo yake manne pamoja, pembe zimewekwa jinsi zinavyobanana, na kwenye gogo la juu mstari wa mkaa: mmoja, miwili, mitatu, hadi saba. Hajawahi kukanyaga machimbo. Alikuwa ukingoni tu, ameshika kamba na kuitikia, na hakukosea hata moja.

Kila fremu imefungwa kwa kipande cha kamba yangu. Fundo lake la kufungia kuni, ambalo halifunguki bila kisu. Vipande saba. Nimepima kimoja kwa mkono, hakifiki hata chini ya kisima.

Nilikaa pale juu ya kigogo hadi jua likafika mguuni. Sikukasirika. Nilingoja hasira, haikuja.

Nimerudi uani. Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, dada." Akasema uji unapoa, na kwamba Mama Holo amepita kuuliza mwakani tunaanza na kisima cha nani.

Nimesema chetu.